Diski moja kwa nyumba nzima: uzoefu wangu na tundu la USB la rauta

Dada yangu hupiga video za kupamba hapa Mombasa, zile shughuli za harusi za wanawake pekee ambapo mabuibui hubaki mlangoni. Video hizo ni amana. Wateja hawataki zipandishwe kwenye ghala lolote la intaneti, na dada naye hataki. Lakini lazima zitoke kwenye kamera zifike kwenye laptopu ya kuhariri, kisha mwenye shughuli aje azitazame kwenye TV yetu kabla ya kukabidhiwa. Kwa hiyo tulipobadilisha rauta, kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, tulichukua yenye tundu la USB, tukachomeka diski ya nje ya terabaiti 1 ili laptopu na TV ziifungue kupitia mtandao wa ndani ya nyumba.

Raha yake kubwa ni kwamba faili hazitoki nje ya nyumba. Bando haliguswi, na hata intaneti ikikatika dada anaendelea na kazi yake.

Kuanza hakukuwa rahisi. Diski ililia tik, tik, taa yake ikiwaka na kuzima, wala haikuonekana kwenye mtandao. Tatizo lilikuwa umeme. Tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900, na diski ya sahani huvuta nguvu nyingi pale inapoanza kuzunguka. Fundi mmoja wa Mwembe Tayari alituuzia habu ya USB, kigawanyio cha matundu, yenye adapta yake ya umeme, na mlio ukakoma papo hapo. Flashi ya kawaida haina usumbufu huo.

Kisha angalia diski imefomatiwa vipi, yaani inapanga faili zake kwa mfumo gani: FAT32, NTFS au exFAT. FAT32 haipokei faili inayofika gigabaiti 4, na shughuli moja ya kupamba hupita hapo kwa urahisi. Sisi tulitumia NTFS. Rauta nyingine hazisomi exFAT, basi soma maelezo yake kabla ya kulipa.

Kasi ni ya wastani. USB 2.0 kwenye karatasi ni megabiti 480 kwa sekunde, yaani megabaiti 60, lakini prosesa ndogo ya rauta haiwezi kubeba mzigo huo. Kwa kebo ya mtandao tunapata kama megabaiti 20, na hiyo inatosha kabisa kutazama video ya HD kwenye TV bila kukwama. Kwa waifai ni habari nyingine. Nyumba yetu ni ya Mji wa Kale, kuta zake nene za mawe ya matumbawe, na mawimbi ya gigahezi 5 hayafiki chumba cha juu. Ya gigahezi 2.4 yanafika, ila kunakili video nzima huchukua muda wa kupika biriani. Tukavuta kebo mpaka kwenye meza ya dada.

Sasa ulinzi, na hapa naomba msomaji asipapite. Rauta yetu ilikuja ikiwa imefungua diski kwa yeyote aliyeunganishwa na waifai, bila nenosiri. Hebu fikiria mgeni aliyepewa waifai sebuleni anafungua folda ya kupamba kwa simu yake! Tuliweka nenosiri kwa kila folda, wageni tukawapa waifai yao ya pembeni isiyofika kwenye diski, na FTP, njia ya kuzifikia faili kutoka nje kupitia intaneti, tukaizima. Pia laptopu mpya ilikataa kuiona diski, kwa sababu rauta ilikuwa ikitumia SMB, njia ya kompyuta kufungua faili za mtandaoni, toleo la 1, ambalo Windows 10 iliacha kuliweka yenyewe tangu mwishoni mwa 2017. Ni toleo hilohilo lililopitiwa na WannaCry, kirusi kilichofunga faili za watu na kudai fidia, Mei ya mwaka huo. Wapo waliotushauri tuliwashe tena kwenye laptopu. Tulikataa. Tulisasisha programu ya rauta, ikapata toleo la 2, na laptopu ikaiona diski.

Stima zikipotea diski ikiwa inaandika, faili zinaweza kuharibika, kwa hiyo rauta na habu zote ziko kwenye UPS ndogo, betri ya akiba.

Kwa matumizi ya nyumbani ningeinunua tena. Kama ghala pekee la kazi ya mtu, hapana: diski ni moja, ikifa imekufa na video za watu. Kila shughuli ikimalizika dada hunakili video kwenye diski ya pili, nayo hukaa kabatini kwa shangazi, Kisauni.