Boksi la TV: lipi ununue Kisumu, na lipi uliache dukani

Watu wanaoniuliza wanunue boksi gani la TV hawaanzi na boksi. Wanaanza na mpira. "Nikinunua hilo, Ligi ya Uingereza nitaona bure?" Baada ya mpira huja habari za saa moja, kisha katuni za watoto, na mtu akishainuka kwenda zake ndipo anakumbuka kuuliza bei. Nimewafungia jamaa na majirani maboksi haya Mamboleo, Nyalenda, kwa mama Kakamega na kwa shemeji yangu Nakuru. Karibu kila aliyejuta hakujuta kwa kuwa boksi lilikuwa dogo. Alijuta kwa kuwa aliamini maandishi ya kwenye katoni.

Kwa hivyo tuanze na mpira wenyewe. Boksi halina mechi ndani yake. Kazi yake ni kuchukua intaneti na kuipeleka kwenye kioo cha TV. Mechi ziko kwa kampuni iliyonunua haki za kuzionyesha, na hiyo utailipa uwe na boksi la elfu tatu au la elfu thelathini. Muuzaji akikuambia chaneli zote zimo, anazungumzia programu za wizi. Leo zinashika, kesho zinakwama dakika ya 70 mtu akiwa anakaribia goli, mwezi ujao hazifunguki kabisa.

Chaneli za hapa nchini nazo zina utaratibu wake. Tangu Kenya izime mitambo ya analogi mwaka wa 2015, zinakuja kwa antena na dikoda, na boksi la intaneti halina pa kuchomeka antena. Citizen, NTV na KTN utazipata moja kwa moja kwenye YouTube, lakini hapo unatumia bando kuona kitu ambacho antena inakupa bila malipo. Usitupe dikoda. Kwa mama nimeacha vyote viwili: dikoda kwenye tundu la kwanza la HDMI, boksi kwenye la pili.

Halafu kuna hesabu ya bando, ambayo wengi huifanya wakiwa wameshanunua. Netflix wenyewe wanasema saa moja ya picha ya HD inaweza kula hadi GB 3, na saa moja ya 4K, picha safi zaidi ya HD, hadi GB 7. Mtu mwenye bando la GB 30 la mwezi ana saa kumi tu za HD, yaani filamu tano au sita. Ukishusha ubora kwenye mipangilio ya akaunti, unaweza kubaki na GB 1 kwa saa au chini yake, na kwa TV ya inchi 32 picha hiyo inatazamika. Kwa upande wa kasi, Netflix wanataka Mbps 5 kwa HD kamili na Mbps 15 kwa 4K. Kama una faiba ya Mbps 10, HD itapita bila shida, na neno 4K kwenye katoni halitakusaidia lolote.

Sasa nipange.

La kwanza: Xiaomi TV Box S

Ukiingia duka lolote la elektroniki Oginga Odinga Street ukauliza "Mi Box", huhitaji kueleza zaidi. Nimenunua matatu, na bei ilikuwa kati ya elfu saba na elfu kumi kulingana na duka na jinsi nilivyojua kuongea. Swali la kuuliza ni la toleo. La mwaka 2018 bado linazunguka madukani, liache. Toleo la pili, la 2023, lina memori ya GB 2 na hifadhi ya GB 8, linatumia Google TV, mfumo wa Google wa kuendeshea TV, na linafungua picha za AV1. Hiyo AV1 ni namna mpya ya kubana video ambayo YouTube na Netflix wanaitumia kutuma picha ile ile kwa data kidogo zaidi, na kwa mtu wa bando hilo ni jambo kubwa kuliko 4K. Toleo la tatu lilitoka 2025 likiwa na hifadhi ya GB 32 na waifai ya kizazi cha sita. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, chukua la tatu, kwa sababu GB 8 ni kidogo: mfumo wenyewe unakula karibu nusu, na ukiweka programu kumi unaanza kuambiwa nafasi imejaa.

Toleo la pili lina kitu ninachokipenda ambacho hakuna anayekitangaza: tundu la sauti la milimita 3.5. TV nyembamba za bei nafuu zina spika zinazonong'ona, na nyumba nyingi huku zina wufa. Waya mmoja unatoka kwenye boksi unaingia kwenye wufa, na sebule inabadilika.

Kasoro yake ni kwamba halina pa kuchomeka waya wa intaneti. Unategemea waifai tu. Kwa shemeji yangu, kwenye ghorofa Section 58, Nakuru, picha ilikuwa inasimama kila dakika mbili, naye akawa amekwisha amua boksi ni bovu. Nilifungua orodha ya mitandao kwenye TV nikahesabu kumi na minne, ya majirani wa juu, chini na kando, yote imebanana kwenye masafa ya waifai ya 2.4 GHz. Ruta yake ilikuwa sebuleni humo humo, hatua tatu kutoka kwenye TV. Tukahamisha boksi kwenye masafa mengine ya ruta, 5 GHz, na tatizo likaisha hapo hapo bila kununua chochote. Kumbuka tu kwamba 5 GHz haipendi kuta. Kama ruta iko chumbani na TV iko sebuleni nyuma ya ukuta wa mawe, kaa na 2.4 au sogeza ruta.

La pili: stiki ya Xiaomi ya 4K

Ni ndogo kama kiberiti kirefu na inaning'inia nyuma ya TV. Memori ni GB 2 na hifadhi GB 8, sawa na boksi la 2023, na huwa na bei nafuu kidogo. Kwa chumba cha kulala au cha mwanafunzi wa chuo inatosha kabisa. Usiichanganye na stiki ya kwanza ya 2020, yenye memori ya GB 1 na picha ya HD tu. Ile inafikiria sana kabla ya kufungua kitu.

Kosa moja nimelirekebisha nyumba nyingi: watu huichomeka umeme kwenye tundu la USB la TV yenyewe ili kuokoa soketi. Tundu hilo kwenye TV nyingi hutoa nusu ampea, na stiki inataka ampea moja. Matokeo yake inajizima na kujiwasha katikati ya filamu, na mwenyewe anaamini ameuziwa bandia. Tumia chaja iliyokuja nayo, ukutani.

La tatu: Google TV Streamer

Hili ndilo bora zaidi kwa kazi kati ya yote ninayoyataja, na ningeliweka juu kama bei ingeruhusu. Google walilitoa 2024 kuchukua nafasi ya Chromecast. Lina memori ya GB 4, hifadhi ya GB 32, na lina tundu la waya wa intaneti, kwa hivyo mwenye faiba anaweza kusahau habari za kuta. Nyuma yake kuna kitufe ambacho ukikibonyeza rimoti inalia popote ilipo, hata ikiwa imemezwa na kochi. Marekani lilizinduliwa kwa dola 99.99, na likifika hapa bei huongezeka. Kebo ya HDMI haimo kwenye katoni, nunua yako mapema.

Yanayoletwa na jamaa kutoka ng'ambo

Binamu akija Desemba kutoka Marekani, mara nyingi hubeba Onn, boksi la maduka ya Walmart, au Fire Stick, stiki ya Amazon. Onn ya 4K ni kitu kizuri kwa bei yake, dola zisizofika 20 kwa toleo la 2023, na inatumia Google TV kama Xiaomi. Ukiletewa, pokea kwa mikono miwili. Soma maandishi madogo kwenye chaja: ukiona 100–240V, utahitaji adapta ya pini tu, ukiona 120V peke yake, usiichomeke kwenye stima yetu ya volti 240.

Fire Stick naiweka chini ya Onn. Haina Play Store, inataka akaunti ya Amazon, na programu unazoziona hutegemea nchi ya akaunti hiyo. Nimeketi na watu waliokuwa na kifaa kizuri mkononi na hawapati programu waliyoinunulia.

Apple TV 4K ni ya mtu ambaye nyumba nzima inatumia iPhone na hesabu ya pesa haimsumbui. Ni nyepesi na haikwami. Ukinunua, tafuta ya GB 128, ndiyo yenye tundu la waya wa intaneti.

La mwisho: maboksi yasiyo na mwenyewe

Haya ndiyo yanayouzwa zaidi, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Ni yale meusi ya elfu tatu na kitu, katoni imeandikwa 8K, GB 128, na namba nyingine zinazotisha. Hifadhi ya GB 128 haiwezi kuuzwa kwa bei hiyo. Ndani huwa ni Android ya simu iliyovalishwa sura ya TV, bila idhini ya Google wala ya Netflix. Netflix ikikuta kifaa cha namna hiyo inakipa picha hafifu ya 480p, chini ya HD, hata uwe na faiba ya Mbps 100 na TV ya inchi 65.

Picha mbaya mtu anaweza kuivumilia. Kilichonitoa kwenye haya maboksi ni kingine. Nilinunua moja 2022, na bando langu la mwezi likaanza kuisha siku ya nane au ya tisa. Niliwashuku watoto, nikawashuku majirani, nikabadilisha neno la siri la waifai. Usiku mmoja TV ikiwa imezimwa, nikafungua ukurasa wa ruta kwenye simu nikatazama kila kifaa kimetumia kiasi gani. Simu zilikuwa zimelala. Boksi lilikuwa linafanya kazi, na lilikuwa limepandisha data nyingi kuliko lilizoshusha. Boksi la kutazamia filamu linapandisha nini saa nane za usiku? Nililichomoa, na mwezi uliofuata bando lilifika mwisho wa mwezi.

Baadaye nilielewa. Januari 2023 mtafiti wa usalama, Daniel Milisic, alieleza jinsi boksi la T95 alilonunua mtandaoni lilivyokuja na virusi ndani tangu kiwandani. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vilivyoambukizwa virusi vya namna hiyo, na mwezi uliofuata Google ikaenda mahakamani dhidi ya walio nyuma yake, ikisema vifaa zaidi ya milioni 10 vimeambukizwa. Kazi mojawapo ya mtandao huo ni kukodisha intaneti ya nyumba yako kwa watu usiowajua, ili uhalifu wao uonekane umetoka kwako. Bando unalilipa wewe.

Kulitambua dukani si kazi ngumu. Mwambie muuzaji aliwashe kwenye TV ya duka, asiyekubali, toka. Boksi la halali linapowaka linaandika Google TV au Android TV na kukuomba akaunti. Hilo jingine linakupeleka moja kwa moja kwenye picha za programu zilizojazwa tayari. Tazama rimoti: ukiona kitufe chenye alama ya kipanya, hiyo ni Android ya simu. Kisha fungua Play Store, ingia kwenye mipangilio, nenda sehemu ya kuhusu, usome kama kifaa kimeidhinishwa. Dakika tano. Muuzaji mmoja aliniambia, "Bosi, hayo ni mambo ya maofisi, wewe angalia bei." Nilimrudishia boksi lake kwa heshima.

Kabla hujalipa, geuza TV yako uhakikishe ina tundu la HDMI. TV za zamani za kisogo zina matundu matatu ya rangi tu. Kuna vigeuzi, lakini maandishi hayasomeki na utajuta.

Jambo la mwisho ni stima, na huku magharibi ni pamoja na radi. Soketi ya kinga, ile ya kusubiri kidogo kabla ya kurudisha umeme, inasaidia stima inapopotea na kurudi kwa kishindo. Radi ya Kakamega haiijui. Mama alipoteza dikoda na ruta kwa alasiri moja. Sasa mawingu yakianza kukusanyika saa tisa, anachomoa boksi, anachomoa ruta, anachomoa TV, kisha anawasha redio ya betri na kunipigia simu kuniambia vyote viko chini.