Mtoto ana tetekuwanga na mama ni mjamzito: kumhamisha mtoto au kumpima mama kinga?

Kwa gharama, kumpeleka mtoto kwa bibi yake Kasese hushinda, kwani nauli ya basi huenda ikawa nafuu kuliko kipimo cha kingamwili katika maabara binafsi ya Kampala.

Kwa uhakika, hali hugeuka. Mtoto huanza kuambukiza siku 1 hadi 2 kabla ya vipele kutokea, kwa hiyo mama aliyelala naye chumba kimoja huenda ameshapata virusi kabla mtoto hajapanda basi, na dalili zake zinaweza kuchelewa kwa siku 10 hadi 21. Kipimo, kwa upande wake, huonyesha kama ana kinga; na mama anayekumbuka vizuri kwamba aliugua utotoni kwa kawaida hakihitaji, jambo ambalo maabara haziharakishi kulisema.

Kwa usumbufu, kuhama kuna mzigo uliofichika: huko kwa bibi huenda kuna mjamzito mwingine au kichanga, na abiria wa basi hawakuulizwa.

Asiyewahi kuugua na mwenye mimba changa apimwe mapema, kwani dawa za kinga hufaa ndani ya siku chache tu. Aliyekaribia kujifungua amwone mkunga au daktari bila kungoja majibu, na mtoto alelewe na mtu aliyewahi kuugua, mpaka vipele vyote vikauke, hata kama ni nyumba ya jirani.