Gesti ya Tanga: mahaba elfu 10, maji hamna

Nyota tatu, na hiyo ya tatu nampa mama wa chai aliyepo nje ya geti, gesti yenyewe ingeishia mbili.

Mi mtu wa Tabata, Tanga nilikuwa sijawahi kufika, nimeenda kwa harusi ya binamu yangu na kabla sijapanda basi ofisini kila mtu kashanipa semina yake, mmoja anasema usile chakula cha mtu utasahau kwenu, mwingine oh wachawi, mwingine watu wa kule wavivu saa nne ndo wanaamka, na ule msemo wa waja leo waondoka leo nilitaniwa nao wiki nzima. Wife hakusema kitu, alinijazia tu hotpoti la pilau la kula njiani, kubwa la kutosha siku mbili, nikaelewa.

Gesti ipo Ngamiani kwenye zile barabara za namba, jina naliacha. Kwa eneo hawana mpinzani, mitaa imenyooka, unaambiwa barabara ya nane unahesabu tu unafika, sio kwetu unaelekezwa kwa mwembe ambao walishaukata. Baiskeli mpaka kero, wamama na vitambaa vyao wanapiga pedeli taratibu, hakuna anayempigia mwenzake honi.

Sasa mapokezi. Kijana ananiambia kaka chumba cha kawaida elfu 35, cha mahaba ya Kitanga unaongeza elfu 10. Nikamuuliza niko peke yangu hayo mahaba nafanya na nani, akasema "hii Tanga kaka, huwezi jua". Nikalipa, ubishi wangu tu. Jamani elfu 10 hiyo ni shuka nyekundu, udi mmoja umechomekwa kwenye chupa ya soda, taulo limekunjwa bata shingo imelegea, na asmini za plastiki! Kule kwa binamu nilikuta vikuba vya asmini za kweli vinanukia mpaka uani, huku wenye mji wananiuzia plastiki kwa sababu wanajua watu wa Dar tunakuja na picha yetu kichwani.

Maji bombani hamna siku zote tatu, unaoga kwa ndoo. Ila hapa sifa ya kauli nzuri ni kweli kabisa na mi iliniumiza, nikishuka na hasira zangu naambiwa "pole sana kaka yangu, tumekukosea, yanakuja inshallah", imesemwa vizuri mpaka unajikuta wewe ndo unaomba radhi kwa kumsumbua, unapanda juu na ndoo yako. Dar ningegombana dakika tano maji yangepatikana.

Usiku wa kwanza bado giza nasikia kru kru kru chini ya dirisha, na semina zangu zile nikajua tayari, kumbe mama wa chai yupo kwenye mbuzi anakuna nazi, saa kumi na moja hiyo. Nikashuka. Maharage ya nazi mazito yanayobaki kwenye kijiko, vitumbua vimekauka pembeni katikati laini, chai ya maziwa, yote elfu 2 na chenji. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, umeamkaje, wa nyumbani hawajambo? Siku ya pili nikapata ujasiri nikamuuliza mbona wanasema nyie wavivu, akacheka akasema "wanaosema wanaamka saa nne, mi wataniona saa ngapi?" Na kweli, saa mbili na nusu alikuwa anasugua masufuria.

Mi naona huo uvivu ni mji kupoa tu watu wakachanganya mambo. Reli ilianza kujengwa hapa 1893, mwaka huohuo mkonge ukaingizwa nchini upande wa Pangani, bandari ikapakia makatani miaka na miaka, baadae zikaja kamba za nailoni bei ikaanguka, viwanda vingi vikafa. Mtu anafika anakuta barabara pana hazina foleni anasema hawa wamelala. Sasa hivi bomba la mafuta la kutoka Hoima, kilometa 1,443, linaishia hapo Chongoleani, na kijana wa mapokezi ndo alinitajia kama sababu ya bei kupanda, tena kwa upole uleule.

Uchawi nilimuuliza dereva wa bajaji aliyenipeleka stendi ya mabasi ya Kange, akaniambia wachawi wote walishahamia Dar, huku watamloga nani, hela zipo kwenu.

Kwa hiyo ukienda chukua chumba cha elfu 35, hakikisha una ndoo kabla hujalipa, na ukitoka getini mkono wa kushoto mwahi mama kabla ya saa mbili. Hotpoti la wife nimelirudisha limejaa vitumbua, kala vinne kimya kimya, cha tano ndo akaniuliza kavipika nani.