Shima au Kumano? Pwani mbili za mkoa mmoja

Mkoa wa Mie, Japani, una pwani ndefu, na mwenye siku mbili tu itabidi achague. Kaskazini kuna Toba na Shima, ghuba zilizomegekamegeka zenye visiwa vingi. Kusini ni Owase na Kumano, ambako milima inashuka mpaka majini.

Mimi ningeanza Shima, kwa ajili ya watu wake. Huko bado wapo wanawake waitwao “ama”, wanaozamia bila mtungi wa hewa kutafuta konokono wakubwa wa baharini na mwani. Wengi sasa ni bibi wenye wajukuu. Wakiibuka hutoa pumzi kwa mluzi mwembamba uitwao isobue. Kitambaa cha kichwani hushonewa nyota na alama ya vyumba vyumba, kinga dhidi ya pepo wa baharini. Mwanapwani yeyote mwenye hirizi ataelewa. Toba ndiko pia Mikimoto Kokichi alikofanikiwa kukuza lulu za nusu duara ndani ya chaza, mwaka 1893.

Kusini mtawala ni mvua. Owase hupata karibu milimita 3,900 kwa mwaka, na misitu ya hinoki, mti wa mbao wa Japani, inanawiri kwelikweli. Kipito cha mlimani cha Magose kina njia ya mahujaji waliokwenda kwenye mahekalu ya Kumano, iliyotandazwa mawe makubwa ili maji yasiichimbe. Tangu 2004 imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Treni ni chache, na mawe yakilowa yanateleza. Viatu vya ngozi viache hotelini.