Shokapu mpya za nyuma: mkia umetulia
Ukiendesha pikapu tupu njia ya Chalinze kwenda Segera utanielewa. Springi za nyuma zimetengenezwa kwa ajili ya mzigo, hivyo gari likiwa tupu kila kiungo cha daraja kinakurusha. Yangu ilizidi: ikiruka, inaendelea kunesa utadhani kitanda cha gesti. Fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar, aliingia uvunguni, akanionyesha mafuta yaliyovuja kwenye shokapu (zile zinazozuia gari kunesanesa) na kugandana na vumbi. Akafunga za gesi, akabadilisha bushi (mipira ya kwenye maungio), akapunguza upepo wa tairi za nyuma kidogo kwa sababu sibebi kitu. Sasa hata kwenye 80 mkia haunesi. Matuta bado nayasikia kiunoni, pikapu ni pikapu. Bei imechoma, na risiti mpaka uidai. Nyota nne.