Kujifungua: kituo cha afya cha jirani au Maweni?

Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, wazazi watarajiwa huulizana kama mama ajifungulie kituo cha afya cha jirani au asafiri mapema hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, Kigoma mjini.

Kwa gharama, kituo cha jirani kinashinda. Sera ya taifa inataka huduma za uzazi katika vituo vya umma zitolewe bure, lakini anayekwenda mjini hulipa nauli ya boti, chakula cha msindikizaji na pengine chumba cha kupanga. Khanga safi na beseni vinahitajika kokote.

Kwa dharura, mizani inageuka. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa chache, na ziwa likichafuka usiku, boti ya rufaa haiondoki. Zahanati haifanyi upasuaji. Baadhi ya vituo vya afya hufanya. Kwa hiyo baba naye aende kliniki akaulize bila haya kama chumba cha upasuaji hufanya kazi usiku na kama damu ya kuongezewa ipo.

Uangalizi wa karibu ni suala jingine, kwa kuwa hospitali inayopokea rufaa za mkoa mzima humgawa mkunga kwa wengi.

Mwenye mapacha, kovu la upasuaji, shinikizo la damu au mimba ya 5 na kuendelea, ningemshauri awe mjini wiki 2 kabla ya tarehe ya makadirio. Ambaye kadi yake haina dalili ya hatari anaweza kubaki jirani, mradi mwenye boti ameshaafikiwa na fedha ya mafuta imewekwa kando.