Pampu za kuzibulia choo: nimezipima kwa usafi, sio kwa nguvu tu

Watu wengi wakienda dukani kununua pampu ya kuzibulia choo wanauliza kitu kimoja tu, inavuta? Muuzaji anaigandamiza pale kwenye vigae ing'ang'anie, mtu anaridhika analipa anaondoka. Mi naomba tuongeze swali la pili, hii kitu ikishatoka kwenye sinki la choo na uchafu wake inasafishika? Maana kuzibua kwenyewe ni dakika chache, baada ya hapo pampu inakaa nyuma ya mlango miezi na miezi, na nyumba nyingi za kupanga hapa Dar choo na bafu ni chumba kimoja, miswaki iko humo, taulo zimo humo, mtoto anayetambaa naye anafika humo. Nimetumia aina tatu nyumbani, zote nimenunua Kariakoo, nawapa nilichokiona.

Ya kwanza ni ile ya siku zote, kikombe cha mpira na mpini wa mbao. Ni rahisi kuliko zote, elfu tatu elfu nne unapata. Kikombe chenyewe hakina shida, kiko wazi, brashi inafika kila sehemu. Tatizo ni mpini. Ile mbao haijapakwa kitu, inakunywa maji ya choo, inavimba, inaanza kufanya weusi pale inapoingia kwenye mpira na pale hata ufanyeje hupatakasi, uchafu umeshaingia ndani ya mbao. Alafu kikombe chake ni bapa chini, kimetengenezwa kwa ajili ya sinki la jikoni au beseni la kunawia, kwenye choo cha kukaa tundu lake limepinda kwaiyo hakikai vizuri, upepo unatoka pembeni na maji machafu yanakurukia. Hii nunua kwa ajili ya jikoni na ibaki jikoni hukohuko, isije ikaingia chooni ikarudi kwenye vyombo, hapo sina mjadala kabisa.

Ya pili ni ya plastiki ngumu yenye mikunjo mikunjo kama mvukuto. Hii ina nguvu, sikatai, inasukuma maji mengi kwa mara moja na choo kilichoziba sana kinafunguka. Lakini kiusafi ndo mbaya kuliko zote. Kila mkunjo una bonde ndani na bonde nje, karatasi na uchafu vinajibana humo, na kwa ndani huwezi kuingiza brashi kwa sababu mdomo wake ni mwembamba. Unaisuuza unaona iko safi, unaiweka, kesho yake yanadondoka maji ya kahawia kwenye sakafu. Nilimuuliza muuzaji hii inaoshwaje, akajibu "dada ukimaliza unaichovya tu kwenye maji". Hapana jamani, kuchovya sio kuosha. Kama unayo na huna hela ya nyingine, ijaze maji ya sabuni, izibe mdomo kwa mkono wenye glavu, itikise, mwaga, rudia mpaka maji yatoke meupe ndo uende kwenye dawa. Kazi kubwa.

Ya tatu ndo ninayowashauri, kikombe cha mpira mweusi laini chenye mdomo wa ziada unaochomoza chini, mpini wa plastiki. Ule mdomo unaingia kwenye tundu la choo na kuziba kabisa, kwaiyo nguvu yote inaenda kwenye kilichoziba badala ya kukurukia wewe. Mi nilinunua elfu kumi na mbili. Kwenye usafi ina sehemu moja tu ya kuangalia, pale kati ya mdomo na kikombe kuna mfereji unaoficha uchafu, na mdomo ukiwa umekunjwa kwa ndani ndo unaficha zaidi. Uvute mdomo utoke wote nje kabla hujaanza kuosha, pitisha brashi kwenye mfereji, basi. Mpini wa plastiki haunywi maji, unafutika.

Kuna na ile bastola ya upepo inayouzwa sana mitandaoni siku hizi, jirani yangu anayo, nimeiona ikifanya kazi. Inazibua kwa kishindo ila kishindo hichohicho kinarusha maji ya choo mpaka ukutani, na ndani ina springi na valvu huwezi kuiloweka. Mi siinunui.

Sasa kuosha kwenyewe, maana hata hiyo nzuri usipoiosha ni chanzo cha magonjwa. Kuhara, kipindupindu, taifodi, vyote vinatoka kwenye kinyesi vinafika mdomoni, na njia ni mikono, maji na vyombo. Pampu ni kitu kilichozama kwenye kinyesi alafu tunakishika kwa mikono, hivo tuipe uzito wake.

Choo kikishafunguka, flashi (au mwaga ndoo, siku za mgao tunajuana), alafu pigapiga pampu kwenye yale maji masafi ndani ya sinki la choo, flashi tena. Usiende kuisuuza kwenye beseni la kunawia wala ndoo ya kuogea. Baada ya hapo sabuni ya maji na brashi ambayo kazi yake ni hiyo tu, sugua ndani, nje, na mpini mpaka juu unaposhika. Hii hatua ya sabuni watu wanairuka wanakimbilia jiki moja kwa moja, na jiki ikikuta uchafu nguvu yake inaishia kwenye uchafu, wadudu wanabaki. Sabuni kwanza, suuza, jiki baadaye.

Jiki yangu chupa imeandikwa asilimia 3.5, ndo kiasi cha dawa yenyewe ya klorini iliyomo, kwenye ndoo ya lita 5 naweka mililita 150, ni zaidi kidogo ya nusu glasi, inatoka mchanganyiko wa kama asilimia 0.1 ambao unatosha kitu kilichokwisha oshwa. Soma lebo ya kwako maana zinatofautiana. Maji yawe ya baridi, ya moto yanaivunja nguvu. Loweka dakika 10, suuza kwa maji safi. Usiiache usiku kucha ukidhani ndo itatakata zaidi, jiki inakula mpira, unakuwa mgumu, unapasuka. Na mchanganyiko uliobaki mwaga, usiutunze wiki nzima, unapoteza nguvu. Wanaotumia Dettol siwasemi vibaya, bakteria wengi inaua, ila virusi vya kuharisha kama noro ni vigumu kwake, kwaiyo kwenye mambo ya choo naamini klorini.

Hapa naomba msome taratibu. Mara nyingi kabla ya kutafuta pampu mtu ameshamwaga dawa ya choo ili izibue. Harpic na wenzake wa rangi ya bluu wengi ni asidi, na asidi ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini, inachoma macho na mapafu na kwenye choo kidogo kisicho na dirisha inaweza kuua mtu. Siki na ndimu nazo ni asidi, usichanganye. Kama kuna dawa ilimwagwa, pampu isuuze kwa maji mengi na choo kiflashiwe mara kadhaa kabla jiki haijatoka kwenye chupa, mlango na dirisha wazi. Na kama iliyomwagwa ni kostiki soda usipige pampu kabisa, yale maji yakikurukia jichoni ni hatari, mwite fundi bomba na umwambie umemwaga nini. Muulize na dada wa kazi na watoto pia, sio wewe peke yako unayemwaga vitu chooni.

Kukausha, itundike kichwa chini hewani mpaka ikauke ndo uirudishe. Jua la muda mfupi halina neno ila kuisahau juu ya bati siku nzima kila mara kunachosha mpira. Mpira ukianza kunata mkononi au ukaona nyufa ndogondogo kwenye ule mdomo, badilisha, nyufa hazioshiki. Glavu za kazi hii ziwe za rangi tofauti na za jikoni ili msaidizi asichanganye.

Baadhi ya maduka wanauza pampu na kikopo chake cha kusimamishia, elfu tano zaidi. Angalia chini, kama hakina matundu ya kutolea maji kiache hapohapo dukani, kinatunza maji machafu na pampu uliyoihangaikia inarudi kukaa ndani yake. Msumari ukutani na kamba vinatosha.